Mama Mdogo Anaandikwa Wapi? Ukoo wetu na kibali cha usalama cha Marekani

Saa tano usiku ya Silver Spring, majira ya joto, ni saa kumi na mbili asubuhi ya Morogoro. Kijana aliyeketi mezani kwangu aliisubiri saa hiyo ifike, akapiga WhatsApp na kuweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hujalala?"

Akamwuliza alizaliwa tarehe ngapi. Kimya. Jogoo akawika, sufuria ikagonga jiko. "Mwaka ni ule ulio kwenye kitambulisho cha NIDA," mama akasema. "Mwezi na tarehe alikuwa anajua marehemu bibi yako." Kisha naye akauliza la kwake: "Na hao wanaotaka tarehe yangu huko, wanataka kunifanyia nini?"

Kijana akanitazama mimi niliyejitia kumsaidia. Amepata kazi ya kompyuta katika kampuni ya ukandarasi huko kaskazini mwa Virginia, na kazi ina sharti la kibali cha usalama. Sisi tunaoishi kandokando ya Washington tumelizoea neno hilo. Vijana wanakiita klirensi, na habari zake utazisikia msibani, nje ya kanisa, kwenye foleni ya pilau la Idi. Habari yenyewe mara nyingi ni moja: ukiwa na mama Tanzania au kaka Kenya, usijisumbue. Kwa sababu hiyo wapo wanaoacha kuomba. Wapo pia wanaoomba na kuwaficha ndugu zao, na hao ndio wanaojichimbia kaburi.

Kibali ni uamuzi wa serikali kwamba fulani anaweza kuaminiwa na habari za siri. Ngazi zake ni tatu: Confidential, Secret na Top Secret. Huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima awepo mwajiri anayekuhitaji, iwe idara ya serikali, jeshi au kampuni yenye mkataba. Na lazima uwe raia. Hilo liliwekwa wazi katika amri ya Rais Clinton namba 12968 ya mwaka 1995. Mwenye green card anaweza kuvaa sare za jeshi la Marekani, lakini milango ya siri itabaki imefungwa mpaka aape uraia, isipokuwa kwa ruhusa maalumu zenye mipaka ambazo ni nadra. Jambo jingine la kulijua mapema: kibali si haki ya mtu. Mahakama Kuu ya Marekani ililisema hilo mwaka 1988 katika kesi ya Jeshi la Wanamaji dhidi ya Egan, na tangu hapo kanuni ni kwamba penye shaka, shaka hiyo huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa.

Yote huanza na fomu SF-86. Ina kurasa zaidi ya 100 na hujazwa kwenye mtandao. Ukishaituma, uchunguzi mara nyingi hufanywa na DCSA, shirika la Wizara ya Ulinzi lenye makao yake Quantico, Virginia. Madeni, kodi, dawa za kulevya, makosa ya polisi, vyote vimo. Na niseme hapa hapa: katika kesi zinazofika mbele ya majaji wa vibali, madeni na kodi huwaangusha watu wengi kuliko shangazi wa Tanga. Lakini hayo ni ya kila Mmarekani. Letu sisi liko sehemu ya 18, 19 na 20.

Sehemu ya 18 ni ya jamaa. Inataka baba na mama, baba na mama wa kambo, waliokulea kisheria, watoto, kaka na dada, wa kambo na wa mzazi mmoja, na baba mkwe na mama mkwe. Kwa kila aliye raia wa kigeni, wanataka kujua mnawasiliana kwa njia gani, mara ngapi, mara ya mwisho lini, anafanya kazi wapi, na kama ana uhusiano na serikali, jeshi, usalama au ujasusi wa nchi yake. Tarehe usiyoijua unaruhusiwa kuikisia, na kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba umekisia. Mama wa Morogoro akapata tarehe yake hivyo.

Tatizo likaja kwa kaka. Kijana alikuja na kaka saba. Nilipomtaka awaeleze mmoja mmoja, wawili walikuwa wa tumbo moja naye. Watatu ni wa baba mmoja, mama mbalimbali. Mmoja ni mtoto wa baba mkubwa. Wa saba alikuja nyumbani akiwa darasa la tatu, mtoto wa rafiki wa baba, na hakuondoka tena.

Fomu haina habari na mila hizi. Wale watano wa kwanza ni wa sehemu ya 18, na nasisitiza wale wa baba mmoja, maana ndio wanaosahaulika, hasa kama mama zao hawapatani. Mtoto wa baba mkubwa kwa Mmarekani si kaka. Hata Kiswahili chenyewe kitakukatalia ukimwita binamu, kwa kuwa binamu ni mtoto wa mjomba au shangazi. Huyu ni kaka, basi. Lakini kwenye fomu si kaka. Yeye, yule wa saba, na mama mdogo, wote wanaangukia sehemu ya 19.

Hiyo ndiyo sehemu ya watu wa nje mliowasiliana nao kwa ukaribu au kwa kuendelea ndani ya miaka 7 iliyopita, ambao wewe au mwenzi wako mmefungamana nao kwa mapenzi, ushawishi, maslahi ya pamoja au wajibu. Mama mdogo aliyekulipia ada ya sekondari, anayekupigia kila Jumapili, na ambaye ukipata mtoto atataka jina, ana vyote vinne. Kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu tisini ni jambo jingine. Kuwa kundi moja na mtu ambaye hamjawahi kusalimiana si ukaribu. Yule mnayechati naye pembeni kila wiki ni ukaribu. Ukisita, andika.

Kwa nini nalikazia hili? Kwa sababu miezi kadhaa baadaye unaweza kukaa na mchunguzi uso kwa uso. Atakuuliza habari za nyumbani, nawe kwa wema wako utasema, "Kaka yangu wa Arusha alinipigia jana." Atashusha macho kwenye karatasi zake na hatamwona kaka wa Arusha. Neno la upendo limeshakuwa swali la uaminifu. Swali la ukweli wa mtu lina mwongozo wake katika ile nitakayoitaja mbele, na uongo wa makusudi kwa serikali ni kosa la jinai linaloweza kukufunga hadi miaka 5. Kwenye fomu kuna nafasi ya maelezo. Itumie kueleza kwamba kwenu mtoto wa baba mkubwa huitwa kaka. Sentensi moja inatosha.

Tafsiri ina mitego mingine. Baba yake kijana huyu, kabla hajafariki, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ndiyo, kijana alikuwa ameshaandika kwa Kiingereza kwamba baba yake alikuwa balozi! Kwa lugha hiyo mzee wa watu alikuwa amekwishapelekwa New York kuwakilisha Jamhuri ya Muungano, wakati kazi yake ilikuwa kusuluhisha ugomvi wa mbuzi na kujua nani kahamia mtaani. Tulicheka, kisha tukafuta. Lakini hatukuliacha kapa: cheo hicho kwa Tanzania ni cha chama tawala, kwa hiyo tuliandika kilivyo. Vivyo hivyo dada mwalimu wa shule ya msingi ya serikali analipwa na serikali ya kigeni. Andika. Hakuna atakayeshtuka kwa mwalimu wa darasa la pili.

Sasa nijibu swali la mama. Vibali vyote vinaamuliwa kwa miongozo 13, iliyopangwa kwa herufi A mpaka M, katika waraka uitwao SEAD 4 ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Wa kwetu ni Mwongozo B, wa ushawishi wa kigeni. Hausemi kwamba kuwa na mama nje ni kosa. Unauliza kama uhusiano huo unaongeza hatari ya wewe kushawishiwa, kushinikizwa au kulazimishwa. Kwa maneno ya jikoni: mama, hakuna anayetaka kukufanyia lolote. Wanachoogopa ni mtu mwingine atakayebisha hodi kwako siku moja, halafu ujumbe uje Virginia kwamba mama yuko mikononi mwetu, tupe kitu fulani.

Kwa hiyo wanapima. Nchi gani? Serikali yake inaishi vipi na Marekani, na inawatendeaje watu wake? Huyo jamaa ni nani huko: mkulima, muuza mitumba, au afisa wa Usalama wa Taifa? Kaka aliye idara ya usalama ni mzigo mzito, tusidanganyane. Mama mwenye duka la khanga ni mwepesi. Urafiki wa nchi husaidia lakini haufuti kitu. Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkubwa nje ya NATO, na bado Mkenya ataulizwa, kwa kuwa wanaopima hawaangalii serikali peke yake. Wanaangalia na makundi yenye silaha, na Al-Shabaab waliingia jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Kwa ndugu zetu wa Kongo mizani ni nzito zaidi. Aliyeacha wazazi Goma, mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, ana jamaa chini ya watu wenye bunduki, na hilo mchunguzi hawezi kulipita.

Wakongo wengi wana jambo la pili. Waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma waliandikwa na makarani wenye haraka, wengi wakapewa Januari mosi kuwa siku ya kuzaliwa, na mpwa aliyekuwa akilelewa akaandikwa mtoto. Faili hilo lipo, na linaweza kuwekwa kando ya SF-86 likalinganishwa. Kama makaratasi ya uhamiaji na ukweli wa familia havifanani, usiyapatanishe mwenyewe usiku wa manane. Muone mwanasheria kwanza.

Upande wa pili wa mizani ni mizizi yako hapa. Mwongozo wenyewe unakubali kwamba mtu mwenye uhusiano wa kina na wa miaka mingi na Marekani anaweza kutarajiwa kuichagua Marekani siku ya mtihani. Nyumba unayoilipia, watoto walio shuleni, kazi, kodi, jeshi ulilotumikia, timu ya mpira ya watoto unayoifundisha Jumamosi, vyote ni ushahidi. Watu wetu wana aibu ya kujisifu. Hapa jisifu, na uweke karatasi.

Wakwe nao wana sura yao, na kwa mara moja Wamarekani wanafikiri kama sisi. Majaji wa vibali huanza kwa kudhani kwamba mtu amefungamana na wazazi na ndugu wa mkewe au mumewe, mpaka yeye aonyeshe vinginevyo. Bibi zetu wangewapigia makofi. Kwa hiyo kijana wa Minneapolis aliyezaliwa hapa hapa, akioa Mombasa, amejipatia ukoo mzima wa kuuandika.

Nije kwenye fedha, ambako wengi hujikwaa bila kujua. Sehemu ya 20 inauliza kama umewahi kumsaidia raia wa kigeni kifedha. Haisemi miaka saba, inasema kuwahi. Ada ya mdogo wako, dawa za presha za baba, mchango wa harusi uliotuma kwa M-Pesa: vyote ni jibu la ndiyo. Tena ndiyo hiyo si dhambi. Kumtunza mama peke yake si sababu ya kunyimwa kibali. Toa taarifa zako za Sendwave au WorldRemit, jumlisha kwa mwaka, andika kiasi. Kinachotia shaka ni mtu mwenye mshahara wa dola elfu nne kwa mwezi anayesema hatumi kitu kwao. Nani atamwamini?

Halafu kuna kiwanja. Mtanzania akishachukua uraia wa Marekani, uraia wake wa kuzaliwa unaondoka, na kwa miaka mingi sheria ya ardhi ya Tanzania haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sote tunajua kinachofuata: kiwanja cha Kigamboni kinakaa kwa jina la dada. Mtu anafika kwenye swali la mali za nje na kuandika hapana, kwa dhamiri safi, maana hati haina jina lake. Asome swali jingine lililo karibu, linalouliza kama kuna maslahi ya kifedha ya nje ambayo mtu mwingine anayashika kwa niaba yako. Hilo ni dada na kiwanja, wazi kabisa. Mwongozo unaangalia ukubwa wa mali hizo ukilinganisha na ulichonacho hapa. Kiwanja kimoja cha futi sitini kwa themanini mbele ya nyumba na akiba ya uzeeni ya Maryland si kitu cha kukushinikiza. Kiwanja hicho hicho ukikificha, mficha maradhi kifo humuumbua.

Pasipoti nitaipita haraka. Mkenya, ambaye katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili, hanyimwi kibali kwa hilo peke yake. SEAD 4 inasema hivyo kwa maneno yake. Pasipoti ya Kenya itaje. Unapoingia na kutoka Marekani tumia ya Marekani.

Na ukinyimwa? Hapa kuna historia iliyotokea mitaa yetu. Miaka ya 1950 mhandisi mmoja, William Greene, alikuwa kigogo wa kiwanda cha ndege huko Riverdale, Maryland, mji ambao leo ukipita utasikia Kiswahili dukani. Alipoteza kibali na kazi, na sehemu ya tuhuma ilimhusu mke wake wa zamani na watu aliofuatana nao. Hakuwahi kuwaona waliomshtaki. Mwaka 1959 Mahakama Kuu ilimpa ushindi, na mwaka 1960 Rais Eisenhower akatoa amri namba 10865 iliyowapa wafanyakazi wa makampuni nafasi ya kusikilizwa. Matunda yake yapo mpaka leo. Mfanyakazi wa kampuni hupelekewa barua ya hoja, naye ana siku 20 za kujibu, hoja moja baada ya nyingine, na anaweza kuomba kikao mbele ya jaji wa ofisi ya Wizara ya Ulinzi iitwayo DOHA. Hukumu zake hutangazwa bila majina. Zisome. Utawaona watu wenye wazazi Nairobi, Lagos na Kabul wakihojiwa, wengine wakashinda na wengine wakashindwa, na utaona jinsi jaji anavyomwamini zaidi aliyesema yote tangu mwanzo.

Je, ni haki? Sehemu yake, hapana. Mtu ambaye ukoo wake wote uko Ohio anazipita sehemu hizi kwa dakika kumi, sisi zinatuchukua wiki tatu. Na kuna kichekesho ndani yake. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, kaunti ya Lamu, Wamarekani watatu wakauawa. Jeshi linalokaa pale linahitaji watu wanaoelewa kinachosemwa sokoni Lamu, na anayekielewa vizuri ni yule mwenye shangazi Lamu. Yaani sifa inayomfanya afae ndiyo hiyo hiyo inayomchelewesha. Sijaona anayewajibu vijana wetu swali hilo.

Ukishapata kibali, mambo hayajaisha. Safari ya nje unairipoti kabla ya kuondoka, na uhusiano mpya wa karibu na mgeni unauripoti pia. Najua utauliza: na msiba? Simu inakuja saa nane usiku, baba amefariki, ndege ni alfajiri. Kanuni imeliona hilo. Mwambie msimamizi wako kwa mdomo kabla hujapanda ndege, na afisa usalama wa kampuni ikiwezekana, kisha maliza fomu ndani ya siku 5 za kazi baada ya kurudi. Zika kwanza, lakini piga hiyo simu moja.

Kijana wetu alituma fomu yake siku ya Ijumaa, na jamaa kumi na wanane waliotajwa kwa majina matatu matatu. Bado anasubiri. Nawe kama unayo mezani, anza na sehemu ya 18, kisha chapa nakala ya kila ukurasa uiweke, maana utaulizwa tena miaka ijayo na majibu lazima yafanane. Na mpigie mama mapema, kabla hajatoka kwenda shambani.